Ufunguo Ulio Hai

Jumapili, 8 Februari

Ufunguo wa gari umepotea. Aliyeupoteza ni mimi — ndivyo wanavyosema.

Naandika ilivyokuwa kabla hawajanichanganya. Saa sita mchana Mama alinituma nikatoe kreti tupu la mikate kwenye buti ya gari. Nikauchukua ufunguo kwenye msumari wa jikoni. Nikafungua buti, nikatoa kreti, nikafunga. Nikaurudisha. Nauona kabisa mkono wangu ukiutundika, kando ya aproni nyekundu ya Mama! Saa kumi Baba akataka gari. Msumari mtupu.

Tumeipindua nyumba. Chini ya makochi, ndani ya viatu, kwenye pipa la unga, hadi ndani ya friji. Mama alimwaga kikapu chake cha vitambaa sakafuni, akapapasa kipande kimoja kimoja. Kisha Baba akasimama katikati ya sebule, akauliza wa mwisho kuushika ni nani. Hakuuliza kwa ukali. Hapo ndipo pabaya. Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na maelezo yote kichwani, yamepangika. Kilichotoka mdomoni ni: "Niliweka."

"Uliweka wapi, Bi Kimya?"

"Pale."

Pale! Nimemaliza shule kwa alama nzuri na siwezi kujitetea mbele ya baba yangu kwa maneno zaidi ya mawili.

Sasa nimekaa nafikiri. Niliporudi na kreti, jikoni kulikuwa na mtu mmoja tu — Baba Mdogo. Anakaa chumba cha uani tangu biashara yake ya pikipiki ife. Ni dalali: viwanja, friji kuukuu, mbuzi, chochote. Mtaa mzima unamwita Asilimia, kwa sababu wanasema hata ukimuuliza saa ngapi anakata kumi kwa mia. Alikuwa anakoroga chai. Alikoroga muda mrefu mno kwa sukari ya kijiko kimoja. Saa saba kasoro akaondoka mbiombio.

Haraka ya nini siku ya Jumapili?


Jumatatu, 9 Februari

Baba alikwenda kazini, kiwanda cha mikate, usiku wa manane kwa pikipiki ya kukodi. Amerudi saa tano na unga kwenye nyusi, hajalala, amepiga simu kwenye kampuni iliyouza gari. Nilikuwa nabandika chai, nikasikia yote.

Dada wa simu akamwambia alete gari. Baba akauliza alilete vipi, mgongoni? Dada akasema labda livutwe. Kisha kadi ya gari, kitambulisho, barua. Ufunguo unaagizwa nje, wiki tatu, pengine sita. Kisha akataja bei. Baba akamwomba arudie. Akarudia. Baba akaiweka simu mezani polepole kama yai.

"Gari nilishalinunua," akamwambia Mama. "Sasa wananiuzia tena, kipande kwa kipande, na wameanza na kile cha mfukoni."

Mama hakucheka. Kwa kawaida angecheka.

Jioni Asilimia akasema anamjua mtu. Bila shaka anamjua mtu! Fundi wa funguo, ana mashine yake, anakuja hadi nyumbani, bei nafuu kuliko kampuni. Laki saba tu. Aliposema "tu" nikamtazama usoni. Akatazama dari.

Laki saba. Baba akanitazama mimi, kisha akatazama pembeni, na nikajua anawaza nini kwa sababu nilikuwa nawaza hichohicho. Pesa yangu ya chuo. Laki saba na nusu, mwisho wa kulipa ni Jumamosi tarehe 14, nafasi ni ishirini na nne na walioomba mia tatu. Nimepata nafasi. Mimi! Darasa la maabara, miaka miwili. Kazi ambayo mtu unakaa na darubini, hakuna anayekulazimisha kuongea.

Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba chuo kinapokea tena mwakani. Hakusema zaidi. Hakuhitaji.

Fundi analipwa laki saba, Asilimia anakata kumi kwa mia. Ufunguo ulipotea mbele ya nani? Mtu anaweza kuficha kitu cha ndugu yake ili apate chake kwenye kukitengeneza upya? Sitaki kuamini. Lakini naandika.


Jumanne, 10 Februari

Fundi wa funguo amekuja saa nne na nusu kuliangalia gari. Mfupi, mkoba mweusi mkubwa kuliko yeye, anaongea kama anayefundisha darasa. Baba alikuwa ndiyo kwanza karudi, macho mekundu.

Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza vizuri, maana nahisi hapa ndipo watu wanapoibiwa. Alisema ufunguo wa siku hizi si chuma tu. Ndani mna kidude kidogo, gari linakiuliza, wewe nani? Kikijibu sawa, linawaka. Kisipojibu, hata uwe na chuma kilekile, halikujui. Ndiyo maana kuna funguo hai na funguo mfu.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Mwenye ufunguo hai mmoja, gharama ni laki mbili. Anauchukua ule ulio hai, analionyesha gari, gari linamkubali mwenzake, robo saa kazi imekwisha. Asiye na hata mmoja ndiye wa laki saba. Hapo lazima afungue chini ya usukani, atoe kompyuta, aisomeshe upya, siku nzima.

"Hamna wa akiba?" akauliza. "Hata umevunjika, hata mchafu. Magari haya hutoka na funguo mbili."

Baba akamweleza kwamba wa pili ulipotea tulipohama, miaka minne sasa. Tuliutafuta tukachoka.

"Basi ni ile bei ya huzuni," akasema fundi. Atakuja kufanya kazi Ijumaa asubuhi. Akapita kando ya gari mara mbili, akafungua mlango kwa waya, akachungulia ndani, akaufunga tena, akaligusa boneti kama mnunuzi. Sikumpenda.

Cherehani ya Mama ilikuwa imenyamaza wakati wote huo. Fundi alipoaga ikaanza tena, kwa kasi.

(Saa kumi jioni.) Nimerudi, nina jambo.

Saa sita Baba alikuwa keshalala. Baba akilala baada ya zamu, hata ukipiga bati pembeni yake haamki — kelele za mashine za kukandia unga zimemzoesha. Mama akanituma zipu tena, kama jana, duka la mbali, eti la karibu zao zinakatika. Nikiwa njiani mvua ikashuka, kubwa, saa nzima. Nikajibanza kwenye kibanda cha fotokopi. Nikarudi saa nane.

Gari liko palepale, nje ya geti, kando ya ukuta. Limefungwa. Hakuna ufunguo duniani unaoliwasha. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikaona ardhi chini yake.

Imelowa. Chini ya gari kumelowa sawasawa na pembeni!

Mvua ikinyesha juu ya gari lililosimama, chini panabaki pakavu. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Vuguvugu.

Gari lisilo na ufunguo limetembea.

Kwa hiyo ufunguo haujapotea. Mtu anao. Anautumia Baba akiwa amelala na mimi nikiwa nimetumwa. Nani mwingine anajua saa za Baba za kulala? Nani anafanya kazi ya kuzungukazunguka na kuonyesha watu viwanja?

Nimefanya jambo la aibu. Asilimia alipokwenda kuoga niliingia chumbani kwake nikapekua koti. Kalamu tatu zisizoandika. Vifungo viwili. Kadi zake za biashara — upande mmoja mshauri wa mali, upande wa pili mtaalamu wa mifugo. Picha ya pasipoti ya Baba akiwa kijana, imekunjika. Ufunguo hakuna. Nilitoka nikakutana naye mlangoni na taulo, akauliza natafuta nini, mwanangu. Nikasema pasi. Akaniambia pasi haijawahi kuingia chumba hiki tangu dunia iumbwe, tazama mashati.

Nikacheka kwa bahati mbaya. Mtu mwenye hatia anaweza kuchekesha namna hiyo? Labda ndiye anayeweza zaidi.


Jumatano, 11 Februari

Mambo mawili leo. La kwanza ni baya kwangu.

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo. Aproni nyekundu ya Mama ilikuwa kwenye msumari wake, na nikakumbuka tena mkono wangu ukiutundika ufunguo kando yake. Halafu nikakumbuka kingine. Jumapili aproni haikuwepo. Jumapili ilikuwa kwenye kamba, mimi mwenyewe nilifua, ilikuwa inadondosha maji mekundu na Mama akagomba.

Yaani mkono ninaouona ni wa Jumamosi.

Wa Jumapili siuoni kabisa. Nakumbuka kreti, nakumbuka kufunga buti. Baada ya hapo hamna kitu. Kuna mfereji pale nje. Kuna pipa la taka lililobebwa Jumapili mchana. Siku tatu nawatuhumu watu na ushahidi wangu ni wa siku nyingine. Inawezekana kweli ni mimi.

Lakini gari lilitembea! Kama niliupoteza mimi, linatembea kwa nini?

Kwa hiyo jambo la pili. Nilichukua chaki ya Mama ya kuchorea vitambaa. Saa tano na nusu nikatoka na ndoo kama nakwenda kumwaga maji, nikachora mstari mdogo kwenye tairi ya nyuma, chini kabisa panapogusa ardhi. Nikarudi. Nikangoja.

Saa sita na robo Mama akaniita. Zipu.

Nimesimama nikamtazama. Zipu tatu wiki hii. Mezani kuna mashati ya shule, mia moja na kumi, ya vifungo. Hakuna hata sketi moja inayotaka zipu. Nilitaka kumuuliza. Alikuwa na pini mdomoni, akanipa pesa bila kuniangalia, akasema nisikimbie, nipumzike kivulini, jua kali.

Nilirudi saa nane na dakika kumi. Mstari wa chaki uko juu, upande wa nyuma, kama mshale wa saa.

Asilimia alikuwa wapi saa hizo? Nilimuuliza kwa ujanja — nikamuuliza kama kaka wa fotokopi bado anauza meza yake. Akasema ndiyo, ametoka huko sasa hivi, wamebishana bei tangu saa sita hadi koo limekauka. Nimekwenda kuthibitisha. Ni kweli. Hata kaka huyo sauti imemkauka.

Sasa sijui nimwandike nani.

Najua. Sitaki kuandika.


Alhamisi, 12 Februari

Zipu ya nne. Nilipokea pesa, nikatoka, nikapinda kona ya karakana ya milango, nikasimama nyuma ya mlango wa chuma uliokuwa umepakwa rangi, umeegeshwa ukutani kukauka. Nimechafua mkono wote wa blauzi kwa rangi ya kijivu. Sijali.

Nilingoja kama robo saa. Gari letu likaja. Polepole mno — mwendesha baiskeli akalipita, akageuka kutazama. Nyuma ya usukani, mgongo wima, kifua karibu kugusa honi, ulimi umebanwa kwenye meno kama anapotunga uzi: Mama.

Mama haendeshi! Mama alijaribu mara moja, nikiwa na miaka saba, akagonga nguzo ya geti. Kovu liko kwenye bampa mpaka leo. Baba huwaonyesha wageni. Hakuna sherehe, hakuna kikao cha ukoo ambapo hajaisimulia, anaigiza na sauti ya nguzo. Shemeji zake wanamwita Mama Nguzo. Na yeye anacheka nao, anajaza vikombe.

Nimetoka nyuma ya mlango bila kufikiri. Akaniona. Gari likaruka mara mbili kama mbuzi, likazima katikati ya barabara. Nyuma yetu mtu akapiga honi akauliza kama tumepanga hapo.

Pembeni yake alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, daftari mapajani. Akateremsha kioo. "Huyu ndiye?"

"Ndiye," akasema Mama. Kwangu akasema: "Ingia nyuma. Usiongee."

Yeye aniambie mimi nisiongee!

Tumezunguka nusu saa. Yule mwanamke ni mwalimu wa udereva. Anasema, kioo, mama, kioo hakijawekwa upake mafuta ya mdomo. Anasema, breki si mdudu, usiikanyage kwa chuki. Mama anafanya yote. Alipinda kulia bila kuwaza, akaegesha kati ya magari mawili kwa mara moja tu, nikajikuta nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, si kwa hofu. Mama yangu anajua kuendesha gari.

Mwalimu aliposhuka tulibaki wawili. Mama akazima gari. Akaniambia, akitazama mbele.

Miezi miwili iliyopita alifumua koti kuukuu la Baba la kiwandani atoe bitana. Ndani ya bitana mlikuwa na ufunguo. Ule wa akiba. Ulipenya kwenye mfuko uliotoboka, miaka minne umelala humo. Alikuwa akitoka kumwambia Baba, na Baba alikuwa sebuleni na wageni, amefika kwenye sauti ya nguzo. Mama akarudi chumbani, akauweka ufunguo kwenye sidiria, akajaza vikombe.

Mtihani ni Jumatatu. Shule anayoishonea mashati ina basi dogo la watoto wa chekechea, mwenye shule anataka dereva mwanamke, kamwambia leseni ikipatikana kabla ya mwezi kwisha kazi ni yake. Mshahara kila mwezi. Si wa kungoja mtu apime kiuno.

Nikauliza — niliuliza! — kwa nini asimwambie Baba. Atakasirika?

"Hasira ningeiweza," akasema. "Atacheka. Hana ubaya, baba yako, atacheka tu. Na akicheka kabla sijapata ile kadi mkononi, Jumatatu siendi. Najijua."

Halafu jambo likabaki limekaa pale kati yetu. Kesho fundi anakuja. Ufunguo ulio hai uko mkononi mwa Mama. Laki mbili badala ya saba. Tofauti yake ni mimi.

Nilijua anajua. Alisikia bei Jumanne, cherehani ilinyamaza. Nikangoja aseme.

"Mshahara wa kwanza na wa pili ni wako," akasema. "Mwaka mmoja si mwingi, mwanangu."

Akawasha gari. Akaangalia kioo kama alivyofundishwa. Alichoangalia kilikuwa barabara, si mimi.

(Jioni.) Nimekula kidogo. Kila mtu namwona upya na sipendi. Baba anamenya chungwa na kumpa Mama nusu kubwa kama kawaida. Je, anashuku? Aliuliza kwa nini kiti cha dereva kinaonekana kimesogezwa mbele. Nikashtuka. Akajijibu mwenyewe: fundi yule, alichungulia sana. Mama akasema huenda. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Miaka kumi na tisa naisikia sauti hiyo na leo nimejiuliza ni mara ngapi ilikuwa namna hii.

Wiki nzima nimemshuku mtu ambaye hakufanya kitu. Na niliyemwamini bila hata kufikiri, ndiye. Na mwenyewe je? Ufunguo wa kwanza niliupoteza mimi. Mama hajanilaumu kwa hilo hata mara moja. Labda kwa sababu anaona tumelipana. Labda ni upendo tu. Zamani nisingejiuliza ni kipi.

Mwaka mmoja si mwingi. Nafasi ishirini na nne. Waliobaki wako mia mbili na sabini na sita, wanangoja mmoja asilipe.


Ijumaa, 13 Februari

Naandika chumbani, dirisha liko wazi, wako nje pale, mita tano kutoka hapa.

Fundi alifika saa nne. Baba amejitahidi asilale. Asilimia amesimama na mikono mfukoni. Baba alipoleta bahasha — bahasha yangu, ina jina la chuo juu kwa mwandiko wangu — fundi akahesabu, akarudisha elfu sabini. Baba akauliza za nini.

"Za huyu bwana," fundi akasema. "Kumi kwa mia yake. Kaniambia safari hii hachukui, nipunguzie kwenye bei. Nimemjua miaka sita, sijawahi kusikia."

Asilimia akaona haya kuliko mwizi aliyekamatwa. Akasema msimtangaze, wateja wakisikia biashara imekufa. Baba akampiga begani. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilipekua koti la mtu huyu.

Fundi akatandika kitambaa, akapanga bisibisi kwa ukubwa, tatu, akafungua mlango wa dereva kwa waya kama hakuna kitu. Kisha akachuchumaa, akageuka.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," akasema. "Nikishalegeza skrubu ya kwanza, bei ni ile kubwa. Ufunguo ukijitokeza baada ya hapo, hata kama ni baada ya dakika tano, sirudishi. Hakuna ulio hai?"

Baba akasema hakuna.

Mama alikuwa kizingitini, futi ya kupimia shingoni. Sikumtazama. Nilihisi tu amesimama pale, kama mtu anavyohisi jiko linawaka nyuma yake.

"Binti," fundi akasema, "wewe ndiye uliyepoteza. Fikiri vizuri. Hamna mwingine popote?"

Wote wakanigeukia. Sawasawa na Jumapili. Baba akafungua mdomo anisaidie, akaanza, "Bi Kimya hawezi —"

"Hakuna," nikasema. "Tumetafuta nyumba nzima, mimi mwenyewe nimetafuta. Hakuna ufunguo mwingine. Fanya kazi, fundi."

Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mgeni. Ilitoka wima, haikukwama popote. Ni uongo. Asilimia akapiga mluzi. Baba akanitazama kama aliyeletewa mtoto mwingine.

Nikaingia ndani kabla uso haujanisaliti. Nimepita kando ya Mama mlangoni, hakuna nafasi, tukagusana mabega. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

Sijui kwa nini nimesema. Si kwa wema, naandika ukweli hapa. Nadhani nilitaka kuona. Kama nitamfungia mlango kwa mikono yangu miwili, awe salama kabisa, asilazimike kusema chochote — atafanya nini? Ni jambo baya kumfanyia mama yako. Ni kumtega. Lakini pia nilimwona jana akiegesha kati ya magari mawili kwa mara moja, na nataka aende Jumatatu. Yote mawili ni kweli. Sijui nilisema kwa lipi.

Fundi yuko chini ya usukani, naona miguu yake tu. Anamwomba Asilimia amshikie tochi. Asilimia anauliza kushika tochi ni asilimia ngapi. Baba anacheka, kile kicheko chake kikubwa, cha kwanza tangu Jumapili. Anaanza kumsimulia fundi kuhusu nguzo. "Unaona kovu lile? Ngoja nikwambie. Siku hiyo —"

"Fundi." Ni Mama.

Sauti si kubwa. Baba anaendelea, amefika kwenye gia.

"Fundi, weka bisibisi chini."

Miguu ya fundi imeacha kucheza. Anauliza kuna nini, mama, ndiyo kwanza nashika skrubu, haijalegea bado.

"Kuna nini?" Baba naye anauliza. Anatabasamu bado, sauti ya nguzo iko nusu mdomoni.

Mama ameshuka ngazi. Yuko juani sasa, nauona mgongo wake, wima, kama jana. Anamtazama Baba, anangoja kwanza amalize kutabasamu.